KOMBI ILIYOKATAA KUWAKA MCHANA
Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kama ulikuwa katika shule hii muhula wa pili wa mwaka huu, hapana shaka mikono yako imewahi kugusa ile Kombi nyeupe yenye mkanda wa rangi ya chungwa. Ilikuwa ikija kila mwezi, siku moja, karibu na saa tisa mchana. Mzee angeshuka, avue kofia, aje langoni kwa bawabu, na baada ya dakika mbili sauti ingesikika uwanjani: "Kidato cha Pili, kujeni msukume gari ya Mwalimu!" Nasi tungeenda mbio, kwani kusukuma gari ni bora kuliko kufyeka nyasi. Gari lingekohoa, liwake, mzee apige honi, na sisi turudi tukiwa tumejaa vumbi jeupe la diatomaiti kama mahamri yaliyomwagiwa unga. Kwa kifupi, stata ya gari hilo tulikuwa sisi.

Makala haya yanaeleza jinsi tulivyofutwa kazi hiyo. Nimeyaandika kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tuna baba, mjomba au jirani mwenye gari kuukuu ambalo siku moja litakataa kuwaka, na mtu atamwambia anunue stata mpya. Pili, Mwalimu wetu wa Fizikia alisema darasani kwamba kanuni ya Ohm "iko kila mahali", nasi tukacheka. Mimi nimeikuta chini ya Kombi, nimelala chali, mafuta yakinidondokea shingoni.

Kwanza mniruhusu niwajulishe gari lenyewe. Ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1974, ile yenye kioo kimoja kikubwa mbele. Aina hiyo ilitengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, na huko Brazil waliendelea kuitengeneza mpaka 2013. Zamani Kombi ndizo zilizokuwa zikibeba watalii mbugani hapa Kenya, zikiwa na paa la kuinuka ili mtu apige picha akiwa amesimama. Ya Mwalimu ni tofauti kidogo. Ni gari na nyumba pamoja. Ndani mna kitanda kinachokunjwa, jiko la gesi la vichomeo viwili, sinki lenye pampu, friji ndogo na pazia za maua. Mwalimu (ni mwalimu mstaafu, nasi sote humwita hivyo tu) aliinunua mwaka 1991 kutoka kwa watalii wawili waliokuwa wamechoka na barabara. Yeye na mkewe wamelala ndani yake Baringo, Kakamega, na hata Mombasa.

Siku hizi safari yao ni moja. Mama ana ugonjwa wa presha na miguu humvimba, hawezi kubanana katika matatu. Kila mwezi Mwalimu humpeleka kliniki Nakuru, na wakati wa kurudi hulala nyuma kwenye kile kitanda, miguu juu ya mto. Kwa hiyo Kombi hiyo si pambo, ni ambulansi yao.

Sasa tatizo lilikuwa hivi. Asubuhi, baridi ya kwetu ikiwa imeganda kwenye vioo, gari liliwaka mara moja. Lilienda Nakuru vizuri. Lakini wakati wa kurudi, likishapanda Mbaruk na injini ikiwa imechemka, ukilizima tu, basi! Ukigeuza ufunguo unasikia "tik". Ukigeuza tena, "tik". Halafu ukingoja saa moja na nusu hivi, linawaka kama kwamba hakuna lililotokea. Fundi mmoja mjini alimuuzia Mwalimu stata. Tatizo likabaki. Akamuuzia betri. Tatizo likabaki. Akamuuzia stata ya pili, akisema ile ya kwanza ilikuwa "feki". Tatizo likabaki, na pesa zikaisha.

Mwezi wa saba mvua ilinyesha, gari likazimika njiani jioni, na hapakuwa na wanafunzi wa kusukuma. Walilala kando ya barabara mpaka alfajiri, malori yakipita yakilitikisa gari, na dawa za usiku za Mama zilikuwa nyumbani juu ya meza. Mwalimu alipofika alisema imetosha. Aliwaita wanunuzi wa vyuma kuukuu, wakakubaliana bei, wakasema watakuja Jumamosi na lori.

Siku ya Jumanne, ilikuwa likizo ya Agosti, mjomba wangu ambaye ni fundi wa jua kali Gilgil alikuja kwetu kuchukua mahindi. Nikamsimulia. Hakuuliza habari za stata hata kidogo. Aliuliza swali moja tu:

"Asubuhi inashika?"

"Inashika, Mjomba."

"Na mchana inalia tik?"

"Ndiyo."

"Hiyo si stata. Hiyo ni waya. Twende kwa Mwalimu kabla hajauza gari ya watu."

Kabla sijaendelea, ni lazima nieleze stata inavyofanya kazi, maana bila hayo msomaji hatafuata. Mimi mwenyewe nilidhani ukigeuza ufunguo, stima inatoka kwenye ufunguo inaenda kuzungusha injini. Sivyo. Kuna njia mbili za stima. Ya kwanza ni nene kama kidole. Inatoka betri moja kwa moja hadi kwenye stata, na ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, ampea mia moja na zaidi. Ya pili ni nyembamba. Hii ndiyo inayopita kwenye ufunguo, na kazi yake ni kutoa amri tu. Amri hiyo inafika kwenye kopo dogo lililopanda mgongoni mwa stata, linaloitwa solenoidi. Ndani ya solenoidi mna koili za shaba na chuma katikati. Stima ikipita, koili inakuwa sumaku, inavuta kile chuma, nacho kinafanya mambo mawili kwa pamoja: kinasukuma kigurudumu chenye meno (mafundi huita bendiksi) kikaumane na meno ya flaiwili, halafu kinaunganisha ile njia nene. Hapo ndipo stata inazunguka, na injini nayo.

Kwa hiyo sauti inakuambia mengi ukiwa na masikio. Kimya kabisa: amri haifiki, au betri imekufa. "Tatatatata" kama cherehani: solenoidi inavuta na kuachia, mara nyingi betri ni dhaifu au vichwa vyake vina uchafu. "Wiiii" bila injini kuzunguka: stata inakimbia peke yake, bendiksi haishiki. "Tik" moja ndiyo yenye hila. Inaweza kuwa solenoidi imevuta mpaka mwisho lakini njia nene imekatika, au inaweza kuwa amri imefika ikiwa imechoka, kile chuma kikasogea kidogo kikashindwa kufika.

Na katika Kombi, amri inachoka kwelikweli. Fikirini wenyewe. Injini iko nyuma, betri iko nyuma, stata iko nyuma. Ufunguo uko mbele kwenye usukani. Stima inatoka betri, inasafiri chini ya sakafu hadi mbele, inapita kwenye swichi ya ufunguo, halafu inageuka na kurudi nyuma tena hadi kwenye solenoidi. Gari lina urefu wa mita nne na nusu, kwa hivyo ni safari ya mita 9 hivi, kwenda na kurudi, kwa waya mwembamba wenye umri wa miaka hamsini. Ni kama kumtuma mtoto kutoka jikoni hadi Gilgil akaulize kama chumvi iko jikoni.

Tulifika kwa Mwalimu saa kumi. Alitupokea vizuri, Mama akatuletea chai, lakini macho ya Mwalimu yalisema hana tumaini. "Mafundi wote wamesema ni stata," alisema. Mjomba akajibu kwa heshima, "Sawa Mwalimu, lakini wacha tuangalie kwanza. Kuangalia haina bei."

Jambo la kwanza alilofanya halikuhitaji hata spana. Aliwasha taa kubwa za mbele, akaniambia nisimame mbele ya gari nitazame, akapiga stata. Hiki ni kipimo ambacho hata nyanya yako anaweza kufanya. Taa zikififia na kuzimika kabisa, betri haina nguvu au viungo vyake vimelegea. Zikibaki kuwaka vizuri na stata isizunguke, basi betri ni nzima na tatizo liko kwenye njia ya amri au ndani ya stata yenyewe. Siku hiyo ilikuwa jioni, gari baridi, kwa hiyo liliwaka tu, taa zikafifia kidogo kama kawaida.

Mimi nikafurahi. Mjomba akanuna. "Ugonjwa wa mchana hupimwa mchana," akasema. Hata hivyo hatukupoteza jioni ile. Alifungua vichwa vya betri (huanza na waya wa athi, ule wa hasi, ili spana ikigusa bodi isilete cheche), tukavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa. Kisha akanionyesha kamba ya shaba iliyosukwa, inayotoka giaboksi kwenda kwenye bodi ya gari. Injini na giaboksi zimekalia mipira, na mpira haupitishi stima. Bila ile kamba, stima ya stata haina njia ya kurudi betri, na itatafuta yoyote itakayopata, hata kebo ya klachi au ya mafuta. Mjomba amewahi kuona kebo ya klachi ikitoa moshi, na mwenyewe alikuwa amebadilisha klachi mara mbili bila kuelewa. Kamba ya Mwalimu ilikuwa na kutu lakini nzima. Tukaisafisha na kuirudisha.

Alhamisi mchana ndipo kazi ilipoanza. Mwalimu aliendesha Kombi hadi Kikopey, ambapo harufu ya nyama choma ilitutesa bure, akageuza, akarudi. Akazima. Tukangoja dakika kumi, kwani joto la injini hupanda baada ya kuzima, hewa ikiwa haipiti tena. Akageuza ufunguo. "Tik." Sijawahi kuona mtu akifurahia gari kukataa kuwaka kama Mjomba alivyofurahi siku hiyo. Nilikimbia mbele kutazama taa. Zilikuwa zikiwaka bila kufifia.

Sasa alitaka kujua kama stata yenyewe ni nzima. Njia ni kuruka ufunguo: unachukua bisibisi nene na kuunganisha kwenye solenoidi skrubu kubwa inayotoka betri, yenye namba 30, na kitaminali kidogo chenye namba 50, kinachopokea amri. (Namba hizi ni za Wajerumani, na utazikuta katika magari mengi ya Ulaya: 30 ni stima ya siku zote, 15 ni ufunguo ukiwashwa, 50 ni kupiga stata, 31 ni athi. Ukizishika hizo nne, nusu ya mchoro umeusoma.) Stata ikizunguka, basi stata, solenoidi, waya mnene na athi ni vizima, na makosa yote yako kwenye waya mwembamba au swichi.

Hapa ni lazima niungame. Mjomba alikuwa ameweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mimi ndiye niliyeyaokota, na Mwalimu aliyachunguza moja moja akisema tusije tukaweka chini ya tairi shoka la mawe la watu wa kale, kwa kuwa hapa kwetu Kariandusi ndipo Louis Leakey na wenzake walipoyagundua mwaka 1928. Tulicheka. Kisha mimi nikaingia chini kwa nyuma, kwa sababu ni mwembamba, na Mjomba akachuchumaa kando ya gurudumu la kulia akinimulikia tochi. Akauliza, "Umeangalia gia? Iko fri?"

Nikasema, "Iko."

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimemwona Mwalimu akishuka, nikadhani. Kumbe Mwalimu, kwa kuwa hendibreki yake ni dhaifu, kila anapoegesha huacha gari kwenye gia ya kwanza. Nikagusisha bisibisi. Cheche, kishindo, na Kombi nzima ikaruka mbele! Gurudumu lilipanda juu ya jiwe, likasimama pale juu, kisha likarudi nilipoachia. Mguu wa Mjomba ulikuwa mbele ya gurudumu lile, nyuma ya jiwe, umbali wa kiganja kimoja.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa chini kwenye nyasi kwa muda. Mama, aliyekuwa ameketi kivulini, alikuwa amesimama na mkono mdomoni. Halafu Mjomba akaokota kipande cha lile jiwe jeupe la diatomaiti, akanipa, akasema, "Andika." Nikauliza niandike nini. "Gia. Andika kwa mlango." Nikaandika GIA kwa herufi kubwa kwenye mlango wa dereva. Tangu hapo, kila tulipotaka kupiga stata kutoka chini, nilitoka, nikaenda, nikatikisa mkono wa gia mwenyewe, nikarudi. Nawaomba wenzangu wanaopenda kujaribu mambo: ufunguo uwe umezimwa, gia iwe fri, mawe yawe yamewekwa, pasiwe na mtu mbele wala nyuma ya magurudumu. Na pasiwe na harufu ya petroli, maana cheche za bisibisi hazichagui. Mjomba siku hizi hatumii bisibisi tena. Ametengeneza swichi ya kengele yenye waya mbili ndefu, anasimama mbali na kubonyeza.

Turudi kwenye kazi. Cheche zile zilikuwa zimetuambia jambo: stata ilikuwa na nguvu ya kuruka na gari zima, injini ikiwa moto. Maana yake stata ilikuwa nzima. Na labda ile ya kwanza na ya pili pia zilikuwa nzima. Mwalimu aliposikia hivyo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kisha tukatoa mita ya kupimia. Hapa ndipo Fizikia ilipoingia. Mwalimu alikaa kwenye usukani akigeuza ufunguo tunapomwambia, mimi nikisoma na kuandika kwenye jalada la daftari. Betri, ufunguo ukiwa umegeuzwa: volti 12.2. Kitaminali namba 50 kwenye solenoidi, wakati huohuo: volti 7.6. Yaani betri ilituma 12.2, ikafika 7.6. Volti 4.6 zilipotea njiani!

Zimepotelea wapi? Ukitaka kujua hospitali imepoteza dawa katika ghala lipi, unahesabu ghala kwa ghala. Na sisi tukapima kipande kwa kipande, tukigusa ncha mbili za mita kwenye mwanzo na mwisho wa kila kipande wakati ufunguo umegeuzwa. (Tulirefusha waya wa mita kwa waya wa redio. Haidhuru kitu, kwani ndani ya waya wa mita hupita stima ndogo mno.) Kutoka betri hadi kuingia kwenye swichi ya ufunguo: 1.5. Ndani ya swichi yenyewe: 1.7. Kutoka swichi hadi solenoidi: 1.2. Upande wa athi, kutoka mwili wa stata hadi hasi ya betri: 0.2. Jumlisha mwenyewe: 4.6. Nilipopata jumla ile nilipiga ukelele. Mjomba akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Solenoidi yetu, kwa volti hizo, ilikuwa inavuta ampea 25 hivi. Kanuni ya Ohm inasema ukizani ni volti ukigawanya kwa ampea. 4.6 kugawanya kwa 25 ni takriban ohm 0.18. Ni kidogo sana, hata mita ya bei nafuu haiwezi kuipima vizuri, ndiyo maana fundi anayepima waya kwa ohm peke yake atasema waya ni nzuri. Inabidi waya ipimwe ikiwa inabeba mzigo. Mtu akiwa ameketi huwezi kujua kama anachechemea.

Na kwa nini mchana tu? Kwa sababu shaba ikipata joto, ukizani wake huongezeka, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Solenoidi iliyokaa kando ya injini iliyochemka inaweza kupanda nyuzi 50 zaidi, kwa hivyo asilimia 20 hivi. Koili inavuta stima kidogo zaidi, sumaku inakuwa dhaifu, grisi na vumbi ndani vinafanya chuma kiwe kizito. Asubuhi volti zile chache zilitosha kwa shida. Mchana hazikutosha. Stata mpya ilisaidia siku chache tu kwa kuwa ilikuwa safi, kisha ikarudi palepale.

Tulipofungua chini ya dashibodi tulikuta mambo ya ajabu. Waya zilikuwa zimesokotana kama viota vya mnana. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alipotaka stima ya pampu ya maji, taa ya kitandani na redio, alikwangua ule waya mwekundu unaolisha swichi, akasokota waya nyingine tatu juu yake, akafunga kwa karatasi ya plastiki. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, shaba imekuwa nyeusi. Hili ni gonjwa la magari yote ya kulala ndani, sio Kombi tu. Kila mwenyewe huongeza taa yake na feni yake, kila mmoja huchukua stima pale mkono unapofika. Ukipata gari kama hilo, hata liwe la Kimarekani lenye ukubwa wa basi, kabla ya kulaumu stata tafuta kwanza waya zilizoongezwa. Na kama ni gari la otomatiki, angalia pia ile swichi inayozuia stata isipige gia ikiwa imeingizwa. Ikichakaa, gari linanyamaza kabisa, lakini ukitikisa mkono wa gia linawaka.

Mjomba aliondoa ule msokoto wote, akaunganisha waya mwekundu upya kwa risasi na kuufunga vizuri. Vitu vya nyumba akavipa njia yao wenyewe, kutoka betri ya pili iliyo chini ya kiti, kila kimoja na fyuzi yake. Tukapima tena: zile 1.5 zikawa 0.7. Ufunguo ukashika, gari likiwa moto! Mwalimu akataka kutukumbatia.

"Bado," Mjomba akasema. "Imeshika leo. Hiyo swichi ni mzee kama wewe, Mwalimu, pole. Mwaka ujao itarudi kulia."

Akatoa mfukoni rilei, kijisanduku cheusi kama kibiriti, ile inayotumika kwa honi na taa kubwa, aliyoinunua Gilgil kwa shilingi mia tatu na hamsini. Rilei ni swichi inayofungwa na sumaku ndogo. Aliifunga nyuma karibu na betri. Waya wa zamani wa namba 50, ule uliochoka, hakuupeleka tena kwenye solenoidi, aliupeleka kwenye mguu wa rilei wenye namba 86. Mguu wa 85 akaupeleka kwenye athi. Mguu wa 30 akaupa waya mpya mnene kutoka betri, wenye fyuzi ya ampea 40. Na 87 akaupeleka kwenye solenoidi kwa waya mfupi, haufiki hata mita moja na nusu.

Angalieni ujanja wake. Sasa ile safari ndefu ya mita 9 inabeba amri ya rilei tu, ambayo inakula ampea 0.2 hivi. Zidisha 0.2 kwa ule ukizani wa 0.18: unapoteza volti 0.04 peke yake, hata bila kusafisha chochote. Mzigo mkubwa unapita njia fupi. Nilipoeleza hivi kwa Mama kwa lugha ya nyumbani alisema, "Yaani badala ya mtoto kwenda Gilgil kuleta gunia, anaenda kupiga simu tu." Sijapata maelezo bora kuliko hayo, na ndiye aliyenipa ule mfano wa chumvi huko juu.

Ijumaa mchana twende tena Kikopey, wote wanne safari hii, Mama akiwa amelala nyuma. Mwalimu alizima injini mbele ya vibanda vya nyama. Tukangoja dakika kumi na tano kwa saa ya Mjomba. Hakuna aliyezungumza. Kisha Mwalimu akageuza ufunguo, na injini ikanguruma kabla hajamaliza kuugeuza. Akazima. Akawasha. Akazima tena. Mara saba! Mwishowe Mjomba akamwambia aache, atamaliza betri. Nilipopima, stata ikizunguka betri ilikuwa volti 10.4 na kwenye solenoidi 10.0. Betri ikishuka chini ya 9.6 hivi wakati wa kupiga stata ndipo uanze kuishuku. Hii haikuwa na neno.

Jumamosi lori la vyuma kuukuu lilikuja. Mwalimu aliwapa zile stata mbili za zamani, moja ikiwa ni ile ya asili iliyokuja na gari. Mjomba aliposikia alishika kichwa, alikuwa anataka kuibakisha.

Muhula wa tatu tumefungua. Wiki ya pili, karibu na saa tisa, Kidato cha Pili wapya waliona Kombi nyeupe ikipanda barabara, wakaacha mafyekeo, wakaanza kukunja mikono ya mashati. Ilipita mbele ya lango bila kupunguza mwendo. Mwalimu alipiga honi, na nyuma pazia la maua likafunguka kidogo, mkono ukapunga. Kwenye mlango wa dereva, neno GIA bado lipo. Nilipomuuliza Mwalimu kwa nini hajalifuta, alisema nimeliandika kwa hati nzuri.